Hivi nchi ikiongeza eneo la forodha baharini kutoka maili 12 mpaka 24 inapata nini hasa? Na kwanini isiwe 200?

Kijana wa Ngamiani

Wakuu habari za jioni. Naomba kuelimishwa na wanaojua, nimesoma sana hii wiki na bado kichwa hakijatulia.

Nimekutana na habari kwamba Marekani mwaka 1999, wakati wa Rais Clinton, walitangaza kwamba ule ukanda wa bahari ambao watu wao wa forodha na walinzi wa pwani wanaruhusiwa kusimamisha na kukagua meli unatoka maili 12 za baharini unakuwa maili 24. Tamko la rais tu, karatasi na sahihi, basi. Nikajiuliza, kama ni rahisi hivyo sisi Tanzania na jirani zetu Kenya tunangoja nini? Na kwanini tuishie 24 wakati ukanda wetu wa uchumi unafika maili 200, si tutangaze tu kwamba forodha yetu inaanzia huko huko maili 200 tuwakamate wote kabla hawajaiona hata pwani?

Siulizi kwa ajili ya mtihani peke yake (nasoma mambo ya kodi, mwaka wa tatu). Baba yangu alikuwa na duka la jumla hapa Tanga, sukari, mchele, mafuta ya kula. Analipa ushuru, ana risiti zake zote kwenye faili la bluu, mpaka leo lipo. Halafu usiku yanashushwa madumu ya lita 20 kwenye bandari bubu, asubuhi yanauzwa mitaa miwili kutoka kwetu kwa bei ambayo baba hawezi kuifikia hata akiuza bila faida. Miaka mitatu duka likafungwa. Ndo maana nikisikia nchi imejiongezea maili 12 za kupambana na magendo moyo unanienda mbio. Nielewesheni.

SheriaBahari

Kijana pole sana kwa mzee. Swali lako ni zuri na wengi wanalikosea hata wenye digrii, ngoja nijitahidi.

Kwanza hiyo ya Marekani. Tamko ni la 1999 kweli lakini historia yake ni ndefu. Sheria yao ya forodha ya 1790, nchi ikiwa bado changa kabisa, ilishawaruhusu maofisa kupanda meli inayokuja kwao ikiwa ndani ya ligi nne, yaani maili 12, wakati bahari yao ya kitaifa ilikuwa inahesabiwa maili 3 tu. Kwa hiyo wazo kwamba mtu wa forodha anaweza kutoka nje kidogo ya mpaka akamsubiri anayekuja halikuanza jana. Wakati wa marufuku ya pombe miaka ya 1920 meli za pombe zilikuwa zinatia nanga nje kidogo tu ya maili 3 pale karibu na New York na New Jersey, zimejipanga kama maduka, boti ndogo zenye kasi zinatoka pwani usiku zinakwenda kununua. Serikali inaziona kwa macho haiwezi kuzigusa. Mwaka 1924 wakakubaliana na Uingereza kwamba meli ya Kiingereza inayoshukiwa inaweza kukaguliwa ikiwa ndani ya umbali wa mwendo wa saa moja kutoka pwani. Hebu fikiria hapo, kipimo ni saa, sio maili! Chombo chenye kasi mpaka wake uko mbali, chombo kizito mpaka wake uko karibu. Mimi naona hiki ndo kipimo kilichoielewa biashara ya magendo kuliko vyote, maana kinauliza huyu mtu anaweza kufika nchi kavu baada ya muda gani.

Halafu sasa 1988 Rais Reagan akaongeza bahari ya kitaifa ya Marekani kutoka maili 3 kwenda 12. Ona kilichotokea: ule ukanda wa nje wa forodha nao ulikuwa unaishia 12, kwa hiyo bahari ya kitaifa ikaumeza wote. Miaka 11 hawakuwa na ukanda wa ziada wowote. Tamko la 1999 liliwarudishia nafasi ya kusubiria, ila sasa kati ya 12 na 24.

Na 24 haikutoka hewani. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Sheria ya Bahari wa 1982, ibara ya 33, ndo unasema nchi inaweza kuwa na ukanda unaopakana na bahari yake ya kitaifa, usizidi maili 24 ukipima kutoka mstari wa msingi, yaani pale maji yanapokupwa. Huko nyuma, kwenye mkataba wa Geneva wa 1958, mwisho ulikuwa 12. Marekani mpaka leo si mwanachama wa ule wa 1982 lakini kwenye hili wanaufuata.

Sasa shika hapa maana ndo roho ya jambo. Ndani ya maili 12 nchi ina mamlaka kamili, sheria zake za forodha zinafanya kazi kama zinavyofanya kazi Kariakoo. Kati ya 12 na 24 HAINA mamlaka hayo. Ina mambo mawili tu, kuzuia na kuadhibu, kwenye mambo manne: forodha, kodi, uhamiaji na afya. Kuzuia maana yake chombo kinakuja kwako, unakisimamisha maili 20, unauliza, unakagua, unakikatalia kuingia na mzigo ule. Kuadhibu maana yake chombo kimeshavunja sheria kule ndani na sasa kinatoroka, unakikamata hata kikiwa kimevuka 12. Lakini meli mbili za kigeni zikikutana maili 20 zikapeana mzigo na kila moja ikaenda zake bila kuja kwako, hapo hujavunjiwa sheria yoyote ya forodha, huna la kufanya.

Kwanini isiwe 200? Kuna nchi ya Kiafrika ilijaribu kitu kama hicho ikalipishwa. Narudi baada ya isha nieleze.

Baharia wa Kilindini

Nangoja hiyo story ya Afrika lakini niongeze la upande wetu wa Mombasa. Aprili 2014 manowari ya Australia, Darwin, ilisimamisha jahazi kama maili 27 mashariki ya Mombasa. Ndani, katikati ya mifuko ya simenti, wakatoa heroini kilo 1,032. Kilo elfu moja ndugu zangu! Mzigo wakautupa baharini na wale watu wakaachiwa na chombo chao wakaenda. Nilikuwa melini wakati ule tukasikia habari hii na kila mtu mezani akauliza swali moja, kwanini waliachiwa. Sasa nikisoma maneno ya SheriaBahari naangalia hiyo 27 na hiyo 24, maili tatu tu katikati. Je Kenya ingekuwa na doria pale na jahazi lile lingekuwa limeingia maili 23 ingekuwaje?

Na lingine, watu wa nchi kavu mnadhani baharini kuna mstari. Hakuna. Kuna skrini ya GPS na kuna redio chaneli 16 na kuna neno la nahodha. Jahazi la mbao halina AIS, ile mashine ya kutangaza chombo ni kipi na kiko wapi, kwenye rada linaonekana kama wimbi kubwa, linapotea linarudi. Unaweza kuandika 24, unaweza kuandika 200, yule nahodha wa jahazi hajali mpaka aone boti ya kijivu inamjia.

SheriaBahari

Nimerudi.

Nchi yenyewe ni Guinea, ile ya Conakry. Sheria yao ya forodha ilikuwa na kitu wanaita eneo la forodha ambalo baharini linakwenda kilomita 250 kutoka pwani, ambazo ni kama maili 135. Oktoba 1997 kulikuwa na meli ndogo ya mafuta inaitwa Saiga, bendera ya Saint Vincent na Grenadines, kazi yake kuuza dizeli kwa meli za uvuvi huko huko baharini. Tarehe 27 ikajaza mafuta meli tatu za uvuvi ndani ya ukanda wa uchumi wa Guinea. Kesho yake boti za doria za Guinea zikaikuta upande wa kusini, imeshatoka nje ya ukanda wa Guinea kabisa, wakaifyatulia risasi za moto, wakapanda, wakafyatua tena mpaka ndani kwenye injini, watu wawili wakajeruhiwa. Meli ikapelekwa Conakry, karibu tani 5,000 za dizeli zikashushwa, nahodha akashitakiwa kwa magendo.

Kesi ikaenda Mahakama ya Kimataifa ya Sheria ya Bahari kule Hamburg, ndo meli iliyowaletea kesi zao za kwanza kabisa. Hukumu ikatoka tarehe 1 Julai 1999. Mahakama ikasema nchi ya pwani kwenye ukanda wa uchumi ina haki ya samaki, ya mafuta na gesi chini ya bahari, ya mazingira, lakini haina haki ya kutandaza sheria zake za forodha humo, isipokuwa kwenye visiwa bandia na mitambo. Ikasema pia kule kufukuza hakukuwa halali, na risasi zilizidi. Guinea ikaamriwa kulipa dola 2,123,357. Angalia mwaka: 1999, mwaka ule ule Marekani wanakwenda 24. Mmoja aliongeza akabaki ndani ya kamba ya mkataba, mwingine sheria yake ilishavuka kamba zamani.

Kwa hiyo Kijana jibu la "kwanini isiwe 200" ndo hilo. Tukitangaza forodha ya maili 200 meli ya kwanza tutakayoishika yenye mwanasheria mzuri itatugharimu kuliko ushuru tuliokuwa tunautafuta.

Ila kuna milango mingine. Hiyo mitambo niliyoitaja, mtambo wa kuchimba gesi huko nje ya Lindi na Mtwara, hata ukiwa maili 60 baharini, juu yake sheria ya forodha ya nchi inafanya kazi, hilo limeandikwa wazi kwenye ibara ya 60. Kwa hiyo bomba, mashine na vyakula vinavyopelekwa pale ni suala la forodha. Na mwaka 2014 mahakama ile ile, kwenye kesi ya meli ya mafuta Virginia G iliyoshikwa na Guinea-Bissau, ilisema nchi inaweza kudhibiti meli za uvuvi kujazwa mafuta ndani ya ukanda wake wa uchumi, maana mafuta yale ni sehemu ya kuvua samaki. Unaona? Walichokikosa Guinea kwa mlango wa forodha kingeingia kwa mlango wa uvuvi. Ni leseni tu inataka kuandikwa vizuri.

Baharia, maili 23: ingetegemea linaelekea wapi. Kama linakuja Kenya, Kenya ingeweza kulizuia na kulikagua kwa jina la forodha, mradi ukanda huo imeutangaza, maana haujitokezi wenyewe. Kama linapita tu kwenda kwingine ni ngumu. Kuachiwa kwa wale watu sababu ni nyingine: kukamata mzigo wa chombo bahari kuu ni jambo moja, kumpata mtu wa kumshitaki na mahakama yenye mamlaka juu yake ni jambo la pili.

Mzee wa Mkoani

Assalaam alaykum wanangu. Mimi nimefanya kazi ya kuzuia magendo bahari ya Pemba tangu kijana mpaka nimestaafu, naandika kwa simu ya mjukuu mnisamehe makosa.

Nyinyi mnazungumza maili 24 kama vile bahari yote iko wazi. Chukueni ramani. Kutoka Pemba mpaka bara ni kama kilomita 50, na maili 24 ni kilomita 44. Mkondo wa Pemba upande wa Tanga ni wetu pande zote mbili, hapo hakuna cha kuongeza. Ukitazama kaskazini magharibi uko Kenya, Vanga, Shimoni, na mpaka wa bahari baina yetu na wao ulishakubaliwa tangu 1976. Ukanda wako wa 24 hauruki mpaka wa jirani. Kwa hiyo karafuu za Pemba, ambazo ndizo zilizonilaza nje miaka yangu yote, hazikuwahi kupita kwenye hizo maili mnazozisema. Zilipita mle ndani, usiku mmoja, wakati wa kusi, chombo kinapasua maji mpaka Shimoni kabla ya alfajiri.

Nitawapa mfano. Usiku mmoja miaka ya 1980, mwezi haujatoka, tukalisimamisha dau limejaa dagaa wakavu. Nahodha mtu mzima, ananisalimia vizuri, karatasi zake zote sawa. Dagaa wananuka kama unavyojua dagaa. Lakini mimi nimezaliwa kwenye karafuu, nilipoinama tu ile harufu ikapita katikati ya dagaa ikanifika. Nikachukua bambo, kile chuma chenye ncha cha kutolea sampuli kwenye gunia, nikachoma gunia la tatu chini kabisa, nikalichomoa, nikafungua kiganja. Karafuu kavu, vichwa vyake vimo, nyekundu inayokaribia nyeusi, yaani zimeanikwa na mtu anayejua kazi. Nilimtazama yule mzee akanitazama, hatukusema kitu. Mtu kalima, kachuma kwa mikono yake, halafu bei ya hapa na bei ya ng'ambo ni mbingu na ardhi. Nilimkamata kwa sababu ndio amana yangu, lakini sikulala vizuri.

Na usiku mwingine tulifukuza mashua ya mashine mpaka tukaziona taa za Shimoni zinameta. Mafuta ya boti yetu yalikuwa yamebaki kidogo mno, mpaka uko mbele yetu, ikabidi tugeuze. Kesho yake sukari ya safari ya kurudi ilikuwa sokoni.

Wakala wa Kurasini

Shikamoo Mzee wa Mkoani, nimesoma hilo la bambo nikasisimka.

Mimi ni wakala wa forodha Dar, nitoe lililo kwenye macho yangu. Ndugu zangu mapato makubwa hayapotei maili 24, yanapotea mezani. Kontena linakuja na meli kubwa halali kabisa, ina bendera, ina manifesti, yaani orodha ya mizigo, inafunga gati mchana kweupe. Ndani vitenge vipya, kwenye karatasi nguo za mitumba. Au mzigo ni huo huo ila bei imeandikwa nusu. Hakuna boti ya doria itakayoliona hilo. Madumu ya mafuta ya kula aliyoyasema Kijana ni kweli yanaua wafanyabiashara wadogo na mimi nimeona yakiua, lakini tukipata bajeti ya boti moja ya kwenda maili 24 naomba kwanza tuulize nani anakaa zamu usiku kwenye zile fukwe ambazo kila mtu kijijini anajua ndo mzigo unashukia.

Baharia wa Kilindini

Dada umesema kweli lakini usiidharau boti. Mzigo mkubwa ukishafika ufukweni umeshagawanyika, pikipiki ishirini zimeondoka nao njia ishirini. Ukiwa bado kwenye chombo uko mahali pamoja, na nahodha mmoja, na hauwezi kukimbilia kichakani. Ndo faida ya baharini.

SheriaBahari nijibu hili, meli mama ikikaa maili 40, haiji ndani kabisa, inatuma boti za faiba usiku zinashusha zinarudi. Hiyo mnaifanyaje?

SheriaBahari

Hiyo ina jibu na ni jibu zuri. Ibara ya 111, ya kumfukuza mtu mfululizo. Kama boti zake, au vyombo vinavyofanya kazi pamoja nayo, viko ndani ya maji yako, meli mama inahesabiwa kana kwamba nayo ipo. Unaweza kuifuata ukaikamata nje. Masharti yake: uanze wakati chombo chake kiko ndani, utoe ishara ya kuonekana au kusikika kwa umbali ambao wanaweza kuipata, na usikatishe. Ukikata hata kidogo umeharibu, na ukimfukuza akaingia bahari ya kitaifa ya nchi yake au ya nchi nyingine unasimama, kama Mzee alivyosimama pale Shimoni. Guinea walianguka kwenye masharti haya haya. Na Marekani wenyewe mwaka 1929 waliifukuza meli ya Kanada ya pombe, I'm Alone, siku mbili, wakaizamisha kama maili 200 kutoka pwani, mtu mmoja akafa maji. Mwaka 1935 tume ikasema kuizamisha hakukuwa na uhalali, Marekani ikatakiwa iombe radhi na ilipe Kanada dola 25,000, na mabaharia wakalipwa fidia yao mbali.

Kuhusu kwetu, sheria ya Tanzania ya 1989 jina lake lenyewe linataja vitu viwili, bahari ya kitaifa na ukanda wa kiuchumi, 12 na 200. Kabla ya hapo, 1973, tulikuwa tumetangaza bahari ya kitaifa ya maili 50, tukarudi nyuma ili tuwe sawa na mkataba. Afrika Kusini sheria yao ya 1994 inao ukanda wa 24. Mimi naunga mkono nasi tuwe nao, tena uandikwe wazi. Upande wa mashariki wa Pemba, Unguja na Mafia bahari iko wazi, hakuna jirani mbele, hapo maili 12 zaidi ni kilomita 22, na kwa boti ya magendo ya nguvu hizo ni dakika kama arobaini za kujua kwamba kuna mtu anakuja. Marekani walichojinunulia 1999 ni muda.

Kijana wa Ngamiani

Nawashukuru sana wote, nimesoma mara mbili na nimenakili kwenye daftari. Nilikuwa nadhani maili ni kama shamba, ukiongeza limekuwa lako. Kumbe ni nafasi ya kumsubiri mtu. Nadhani nimepata na mada ya kuandika, hiyo ya dizeli ya meli za uvuvi na leseni zake, SheriaBahari nitakusumbua inbox.

Mzee wa Mkoani shikamoo babu. Mimi mama yangu ni mtu wa Wete, mwezi ujao nakuja huko. Naomba kama afya inaruhusu nije nikusikilize siku moja, nataka kujua mlikuwa mnajuaje usiku gani chombo kitatoka.

Mzee wa Mkoani

Marahaba mwanangu. Njoo, lakini njoo baada ya alasiri, asubuhi nakuwa shamba. Tulikuwa tunajua kwa mambo mengi, bei ya sukari ikipanda tu sokoni Wete tulianza kulala na viatu. Bambo langu ninalo bado, liko juu ya kabati, nitakuonesha. Na lete hilo faili la baba yako nilitazame.